Mlinzi wa Sehemu ya Nne

Zamani kitabu kimoja kilisomwa na watu mia mbili na wote wakakijua hadi mwisho, lakini siku hizi mtu mmoja ana vitabu mia mbili ndani ya simu na hakumbuki hata kimoja kinaanzaje.

Naandika haya kwa ajili ya Mwalimu Donati Mutware, Mrundi, jirani yangu wa Louisville, hapa Amerika. Tuliishi mlango kwa mlango katika nyumba za matofali karibu na bustani ya Iroquois. Mimi ni Mkongo wa Uvira. Kusoma nilijifunza kwa vipande vya magazeti vilivyofungiwa sukari na chumvi, kwa hiyo mtu aliyewafundisha wengine kwa kitabu kimoja nilimheshimu kuliko wachungaji wote wa hapa, ambao wana kanisa jipya kila baada ya ugomvi.

Kitabu chenyewe kilifika kambini kwa wakimbizi, upande wa Kasulu, Tanzania, mwaka 1997, ndani ya boksi la makoti ya baridi. Nani aliona watu wa Kasulu wanahitaji makoti ya baridi, sijui. Kilikuwa kitabu cha Kiingereza cha zamani sana, hakina jalada wala jina la mwandishi, kurasa mia tatu na kumi na mbili. Kilieleza habari za mjane mwenye nyumba ya wageni kando ya barabara, na wana wake watatu walioondoka mmoja baada ya mwingine. Donati alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kwao Burundi, na Kiingereza alikuwa amejifundisha mwenyewe kwa redio. Watoto waliotaka kukijua walipita mia mbili. Basi akachukua wembe, akakikata kitabu vipande vinne, akavishona kwa nyuzi za magunia ya unga, na kila kipande akakipa mlinzi.

Mlinzi alikuwa mwanafunzi. Alilala na sehemu yake, aliitunza isilowe, na aliisoma mpaka akaishika kichwani. Jumamosi alisimama mbele ya wenzake, mikono nyuma, akaisema bila kutazama. Sehemu ya kwanza alibaki nayo Donati, ya pili Jovini, ya tatu Florida. Ya nne alipewa binti yake mwenyewe, Spés. Mtu akiuliza kitabu ni cha nani, jibu lilikuwa moja: ni cha kambi.

Kosa lake lilikuwa hapo. Aliamini kambi haitakwisha, na kwamba watu waliokaa pamoja kwa njaa watakaa pamoja daima. Orodha za kwenda Amerika zilipoanza kubandikwa ubaoni, familia iliitwa leo na wiki iliyofuata iko ndani ya ndege. Hakukuwa na nafasi ya kurudisha sehemu, na wa kurudishiwa naye alikuwa amekwisha kuitwa. Kitabu kikatawanyika kama sisi wenyewe, kipande huku, kipande kule.

Mke wa Donati aliitwa Kostansia. Ndiye aliyekifanya kitabu kile kieleweke. Pembeni mwa kurasa, penye nafasi nyeupe, aliandika kwa penseli sentensi za Kiswahili za kuwasaidia watoto, na hakuzitafuta mbali. Alizitoa bombani, kwenye foleni ya mgao, kwenye kuni.

Kulikuwa na neno moja ambalo yule mwandishi alilipenda, neno la Kiingereza, betimes. Mjane aliwaamsha wageni betimes, wageni waliondoka betimes, na mwana mkubwa alionywa aoe betimes. Mara kumi na moja kitabu kizima. Maana yake ni mapema, kabla saa haijapita. Kostansia alisema sisi hatuna haja ya neno lote hilo, sisi tunasema kuwahi na yameisha. Kisha akaandika pembeni: Mama Jovini aliwahi bombani, leo wanapika. Penye neno hilo mara nyingine: Aliyechelewa kwenye mgao alikuta gunia tupu. Watoto walicheka wakaelewa. Kambi nzima ikawa inasema betimes. Walikuwa wanaitana hivyo asubuhi, wakienda kuchota maji.

Donati na Spés walifika Louisville mwaka 2008. Kostansia alikuwa amekwisha kufa, kule kambini, mwaka 2003. Miaka miwili baada ya kufika, Spés aliondoka nyumbani akahamia Buffalo, na tangu siku hiyo hakupiga simu. Donati aliosha trei katika kiwanda cha nyama mpaka mgongo ukakataa. Baada ya hapo alishinda maktabani.

Wazee wengine walikwenda maktabani kwa sababu ya joto. Yeye alikwenda kulitafuta neno lake. Alikuwa amegundua, tena kwa aibu, kwamba Amerika nzima hakuna anayelisema. Akaanza kuchukua vitabu vya zamani, kimoja kimoja, vile ambavyo mkutubi alivitoa chumba cha nyuma vikiwa na vumbi, na kila alipoliona alinakili sentensi kwenye daftari, na ukurasa. Daftari la kwanza likajaa, la pili likajaa. Jioni alinisomea na kunitafsiria, mimi nikiwa na chai yangu.

Nilijifunza mengi kwenye daftari lile. Katika vitabu vya kale zaidi, aliniambia, neno hilo ni la watu wote. Wawindaji wanaamka betimes, wasafiri wanatandika farasi betimes, tabibu anaitwa betimes na homa inashuka. Mtu aliyeandika habari zake za kila siku anasema alilala betimes, na huoni anajivuna, ni jambo la kawaida kama kunawa. Baadaye waandishi wanaanza kuliweka midomoni mwa wahubiri na wazazi. Tubu betimes. Mrudi mtoto wako betimes. Halafu, vitabu vikisogea karibu na siku zetu, analisema babu tu, au mtumishi mzee, na wengine chumbani wanatabasamu. Mwisho linasemwa kwa mzaha. Kisha kurasa elfu zinapita, halionekani.

Alikuwa ameona jambo jingine, na hilo lilimsumbua. Katika daftari zima, alisema, linapotoka kwa mtu anayemwonya mwingine, karibu kila mara huyo anayeonywa amekwisha kuchelewa. Mwandishi anajua, msomaji anajua, ni yeye peke yake hajui.

Nilimwambia waandishi ni watu wakatili. Alisema hapana, ni watu wanaotazama.

Mwezi wa tisa mwaka 2015 daktari wa macho alimwambia ana presha ya macho iliyoachwa muda mrefu. Dawa ingeweza kuzuia kidogo, lakini kilichokwenda kimekwenda. Kwa maandishi madogo alimpa mwaka mmoja, pengine pungufu. Donati alirudi nyumbani akakaa kitandani na sehemu yake ya kwanza mapajani. Nilipoingia aliniambia anataka kukikusanya kitabu. Nikamuuliza cha nini, na kila neno lake analijua kichwani.

"Sitafuti ya mwandishi," alisema. "Nataka ya Kostansia. Kwenye kurasa za mwisho aliandika vitu ambavyo sijawahi kuvisoma. Spés aliificha sehemu ile siku ya mazishi. Nivisome nikiwa bado naona."

Basi tukaanza na Jovini, kwa sababu alikuwa karibu, mtaa wa pili kutoka kwetu. Jovini anapanga vifurushi katika ghala kubwa, mtu wa miaka thelathini, mcheshi, amenenepa. Hakuhangaika kutafuta. Alifungua kabati akatoa ule mfuko mweupe wa plastiki ambao kila mkimbizi alipewa safarini wa kubebea karatasi zake, ambao hata akisahau jina la babu yake hautupi, na ndani, katikati ya picha za eksirei na vyeti vya chanjo, sehemu ya pili ilikuwepo, kavu, uzi wake wa gunia mzima.

Alitusimulia siku aliyoomba kazi. Bosi alimuuliza kama anaweza kufika saa kumi na mbili asubuhi, naye akajibu kwa kujiamini kwamba yeye huamka betimes. Yule bosi aliita wenzake waje wasikie. Mpaka leo kazini ndilo jina lake, na limeandikwa kwenye kofia yake ya plastiki.

"Mwalimu, ulitufundisha Kiingereza cha marehemu," alisema, akicheka mpaka akashika ukuta. "Mimi ghalani naonekana kama mzimu."

Donati alicheka kidogo. Alikuwa ameshaufungua ukurasa, amesogeza pua karibu, anafuata penseli ya mkewe kwa kidole. Jovini aliacha kucheka. Akamuuliza kwa sauti ya chini kama anataka taa nyingine.

Florida alikuwa Columbus. Tulipanda basi asubuhi, wazee wawili na mkate na mayai ya kuchemsha, na watu wote ndani wameziba masikio kwa nyaya. Zamani safari ya saa tano ungeshuka unajua jirani yako ana watoto wangapi na ng'ombe wangapi. Tulishuka hatujaambiwa hata habari za asubuhi.

Florida anaishi Linden, mtaa wa huko, katika nyumba ya mbao ya kupanga ambayo ngazi zake zimeoza upande mmoja. Alitupokea vizuri. Alipiga goti kumsalimia mwalimu wake, kama kule kambini, na watoto wake walitazama jambo hilo kama sinema. Aliwaambia waseme shikamoo. Wakasema, kisha wakamuuliza kwa Kiingereza wazee hawa watakaa siku ngapi.

Florida anafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Alitupa wali na maharage kwanza, akangoja tumalize, ndipo akasema. Sehemu ya tatu hakuwa nayo.

Kulikuwa na bibi mmoja Mmarekani pale kazini, wa miaka tisini na moja, asiyetembelewa na mtu. Siku moja Florida alipomwamsha alimwambia kwa utani kwamba ameamka betimes. Yule bibi akamshika mkono asimwachie. Lilikuwa neno la babu yake, aliyewaamsha alfajiri kukamua ng'ombe, na hakuwa amelisikia tangu alipokuwa msichana. Tangu siku hiyo, mchana, Florida akishamgeuza na kumpaka mafuta ya mgongo, alimsomea kurasa mbili za sehemu ya tatu. Yule bibi aliuliza na yale ya penseli yanasema nini. Florida akamfasiria habari za bomba, mgao na kuni, na bibi alizipenda kuliko hadithi yenyewe. Akaomba sehemu ikae kwenye droo yake, karibu na kichwa. Alikufa siku ambayo Florida alikuwa na mapumziko. Alipokwenda kesho yake, chumba kilikuwa kimesafishwa, kitanda kina mtu mwingine, na vitu vyote vya bibi vilikuwa vimeondoka ndani ya mifuko myeusi.

"Niliulizia kwenye takataka, Mwalimu. Lori lilikuwa limepita."

Donati hakumlaumu. Alimwuliza kama bado anaishika kichwani. Florida alisimama katikati ya sebule, akaweka mikono nyuma, mama wa watoto watatu na nguo zake za kazi, akaanza. Alikwenda vizuri kurasa mbili, na ile sauti ya Jumamosi ikamrudia. Katikati ya ukurasa wa tatu alisimama. Alirudi nyuma sentensi mbili akajaribu kuruka pale, akasimama tena palepale. Televisheni ya watoto ilikuwa ikiendelea chumba cha pili.

"Na ya pembeni?" Donati aliuliza. "Ya mama unakumbuka?"

"Moja tu. Florida amewahi darasani leo, ila hajanawa uso."

Tulicheka wote, hata yeye. Donati akaandika hilo kwenye daftari, pole pole, herufi kubwa kama za mtoto, kwa sababu mistari ilikuwa imeanza kumkimbia. Kisha akasema basi, imebaki ya nne.

Tulikaa kwa Florida siku mbili, halafu tukapanda basi la Buffalo. Ni njia ndefu, tambarare, mashamba yamekwisha kuvunwa, na tulipopita Cleveland theluji ya kwanza ikaanza. Donati alikuwa dirishani. Nilidhani amelala. Kumbe alikuwa anatafuta pa kuanzia, maana miaka saba tulikunywa chai pamoja na hakuwahi kuniambia mkewe alikufaje. Nilijua ni uzazi. Watu wa makambini huishia hapo, na anayesikiliza haulizi.

Kostansia alikuwa na mimba ya miezi saba. Asubuhi ile alisema kiuno kinamuuma, Donati akaenda darasani kama kawaida. Katikati ya somo Spés alitokea mlangoni, ana miaka kumi na minne, viatu mkononi. Siku hiyo alikuja mkaguzi kutoka shirika lililokuwa likitoa madaftari, mara ya kwanza baada ya miaka miwili, na watoto walikuwa wakisoma vizuri. Donati alimwona binti yake. Alimwambia: keti, nimalize ukurasa. Binti hakuketi, wala hakuthubutu kusema mbele ya mgeni.

"Alisimama dakika arobaini, Hyacinthe," aliniambia. "Nilimaliza ukurasa nikaanza mwingine. Mgeni alikuwa anafurahi."

Majirani walimbeba Kostansia kwa baiskeli hadi zahanati. Nesi alisema damu ingeweza kuzuiwa kama angefika mapema kidogo. Alilisema mbele ya mtoto.

Nilimpa yai lililobaki, akalishika mkononi mpaka Buffalo bila kulimenya.

Tulifikia kwa mpwa wangu, na kesho yake tukaenda Grant Street. Mtaa ule una dagaa, mawese, unga wa muhogo, majani ya sombe ya barafu, maduka ya kutuma pesa, vitenge dirishani. Kila kitu cha kwetu kipo pale, isipokuwa kwetu. Spés anauza katika duka la vyakula la Mkongo mmoja wa Fizi. Nilimjua mara moja, ana paji la uso la baba yake. Alituona tunaingia. Akanisalimia mimi, shikamoo mzee, kwa heshima yote, akageukia samaki aliokuwa akiwapima. Kisha akamwuliza baba yake kwa Kiingereza anahitaji nini, maneno yaleyale anayowaambia wateja wote.

Donati alivua kofia. Alisema amefuata sehemu ya nne. Spés alifunga samaki, akamhudumia mama mwingine, na mwingine, halafu akasema njoo kesho saa tisa mchana.

Kesho hiyo Donati alikuwa nje ya duka tangu saa sita. Nilimwambia tukae ndani ya mkahawa wa Waburma uliokuwa upande wa pili, akakataa, asije akaonekana hayupo. Alisimama kwenye theluji masaa matatu, pua inatoka maji, amesimama wima kama mwanafunzi wa zamu. Saa tisa kamili Spés alitoka na mfuko wa plastiki wa duka, akampa, akarudi ndani.

Alifungua palepale, kituo cha basi, mimi nikimkinga upepo. Sehemu ya nne yote ilikuwepo, kurasa zote hadi ule wa mia tatu na kumi na mbili, na uzi wa gunia. Lakini ilikuwa nyembamba. Nilidhani ni macho yangu. Kila ukurasa ulikuwa umekatwa kwa mkasi, pande zote mbili, kwa uangalifu, karibu kabisa na maneno ya mwandishi. Nafasi nyeupe haikubaki hata ya upana wa kucha. Hadithi ilikuwa kamili. Kostansia hakuwemo.

Donati alipapasa kingo za ukurasa kwa kidole, wa kwanza, wa pili, wa kumi, akafika mwisho. Kisha akarudi ndani ya duka nami nyuma yake.

"Umekata," alisema.

"Sikukata jana, Baba. Nilikata nikiwa kambini." Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akimwita baba. Alikuwa anapanga mikebe ya nyanya na hakuacha kupanga. "Maneno ya kitabu ni yako. Ya pembeni ni ya mama, na niliyekuwa naye ni mimi."

"Siku ile aliandika?"

"Nilipotoka kuja kukuita alikuwa na penseli mkononi."

Donati alishika meza ya duka kwa mikono miwili.

"Sitaki kuvichukua hivyo vipande," alisema. "Wala kuvishika sitaki. Nisomee tu, mwanangu. Macho yangu yanakwisha."

Spés alimtazama usoni kwa mara ya kwanza. Nilimwona anatazama yale macho, jicho la kulia ambalo lilikuwa limeanza kuwa na ukungu, na kwa kitambo nilifikiri ataweka mikebe chini. Mlango ukalia, wakaingia watu watatu.

"Keti hapo," alimwambia, akionyesha kreti la soda lililopinduliwa karibu na friji. "Nimalize na wateja."

Donati alikwenda akaketi.

Mimi nililisikia lile neno, keti, kama alivyolisikia yeye, lakini hakunitazama. Wateja wale waliondoka, wengine wakaingia. Ilikuwa Ijumaa, watu wametoka viwandani, kila mtu anataka samaki na unga wa Jumapili. Tulingoja mpaka duka likafungwa, na Spés alitoka kwa mlango wa nyuma. Yule Mkongo wa Fizi ndiye aliyetuomba tutoke, kwa upole, akaongeza: "Bon, wazee, kesho tunafungua saa tatu."

Kesho yake saa tatu Donati alikuwa kwenye kreti. Spés hakumfukuza. Mchana alimpelekea chai katika kikombe cha karatasi, akaiweka sakafuni karibu na mguu wake, akarudi kwenye mizani. Jumapili duka lilifungwa. Jumatatu alikuwepo, Jumanne alikuwepo. Wateja walimzoea wakawa wanampita kuifikia friji. Mmoja alimuuliza bei ya mihogo akidhani ni mwenye duka.

Nilijaribu kumtoa. Nilimwambia binti anamlipa dakika zake arobaini, na hesabu ya aina hiyo huwa haifungwi. Nilimwambia hata hayo maandishi pengine hayapo, pengine mkasi ule uliyatupa jalalani Kasulu. Alinisikiliza vizuri.

"Hakuniambia niondoke," alisema. "Ameniambia niketi."

Alikodi chumba mtaa wa nyuma, kwa watu wa kanisa, na dawa ya macho akaiacha Louisville. Nikamwambia aifuate. Akasema ataifuata akishamaliza hapa. Daftari lake la neno alinipa mimi nilitunze. Ninalo. Nimewaonyesha vijana wetu wanaosoma chuo, wakalipiga picha kwa simu, wakasema litafaa sana, na hakuna aliyerudi.

Siku ya kuondoka, Jumatano, nilipita Grant Street na begi langu kabla ya basi. Sikuingia. Nilisimama dirishani, katikati ya vitenge, na hiyo ndiyo mara yangu ya mwisho kuwaona. Duka halikuwa na mteja hata mmoja. Donati alikuwa ameketi kwenye kreti, kofia mkononi, sehemu ya nne juu ya magoti, uso ameuelekeza kwenye meza ya mizani. Mezani hapakuwa na mtu. Spés alikuwa upande mwingine kabisa, kwenye friji za nyuma, amesimama mikono mitupu, anamtazama. Baba yake aliendelea kutazama mizani, anatikisa kichwa kidogo kwa adabu, kama mtu anayemwambia mwenzake kwamba asiwe na haraka.